Mama Aliyekuja Kusimamisha Pambano

Jumamosi nilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Gungu, ambako mabondia chipukizi walikuwa wakichujwa ili kupata timu ya mkoa. Pembeni yangu alikaa mama muuza dagaa, kitenge amekifunga barabara kiunoni.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," aliniambia. "Wakimvunja pua, nani atampa nyingine?"

Kabla hajainuka, kengele ikalia. Binti yake, mrefu na mwembamba, alipangiwa msichana wa Kidahwe mwenye ngumi nzito. Raundi ya kwanza ilimwendea vibaya. Ya pili alisukumwa hadi kwenye kamba, na mama akaenda moja kwa moja mpaka ulingoni. Nikajua pambano limeisha.

"Wewe!" alipaza sauti. "Mikono juu! Mbona unamwachia uso?"

Binti alishtuka, akainua mikono, akaanza kujibu mapigo. Kocha wake alibaki ameduwaa. Mwishowe mwamuzi akamtangaza binti kuwa mshindi.

Alishuka mdomo umevimba, akamtazama mama yake kwa woga. "Shikamoo, mama. Ndiyo tunaenda nyumbani?"

"Marahaba. Twende ukale," mama alijibu, akimvua glavu taratibu. "Hao wa mikoa mingine hawatakuonea huruma."