Ubeti wa Tatu

Mzee Marijani wa Chanika ana tabia moja ambayo jirani zake wameshaizoea, na wageni huiona uchizi. Upo wimbo wa sinema ya Kihindi, wa zamani, ambao hapa Dar es Salaam sijui nani asiyeujua. Unapigwa harusini, unapigwa saluni, vijana wa bodaboda wameuweka kuwa mlio wa simu, na watu wanauimba neno kwa neno ilhali hawajui hata moja maana yake nini. Mzee Marijani ni fundi baiskeli. Redio yake ikiupiga huo wimbo, anaweka spana chini, anafumba macho, anasikiliza ubeti wa kwanza. Anasikiliza na wa pili. Ukikaribia wa tatu anainuka na kuzima redio.

Kama redio si yake, anaondoka yeye. Aliwahi kutoka kwenye kiti cha kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi bado liko shingoni, akasimama barabarani mpaka wimbo ukaisha. Watu walicheka wiki nzima. Akiulizwa, hujibu kwamba ana nadhiri yake. Nadhiri ya nini, hasemi. Marehemu mkewe peke yake ndiye aliyeambiwa, na binti yao Mwamvita aliijua kwa sababu alikuwa akisikiliza mlangoni.

Basi habari yenyewe ni hii. Mwaka wa sabini na tisa, askari wetu wakiwa ndiyo wanarudi kutoka Uganda na petroli haipatikani, Marijani alikuwa na miaka kumi na tisa na baiskeli moja ya kichina. Ilikuja mjini sinema ya Kihindi ambayo watu waligombania tiketi mpaka mashati yakachanika. Nakala ilikuwa moja tu, na majumba ya sinema yaliyoitaka yalikuwa mawili: moja kubwa katikati ya mji, jingine dogo upande wa Kariakoo. Wenye sinema wakapatana. Jumba kubwa lilianza mapema, na kila mkanda ulipokwisha kuonyeshwa ulitiwa kwenye mkebe wake wa bati na kupelekwa mbio kule dogo. Wa kupeleka alikuwa Marijani. Anafunga mkebe kwenye keria kwa mpira, anakanyaga, anaufikisha, anageuza kwenda kuchukua unaofuata. Kwa siku moja aweza kwenda na kurudi mara saba.

Kwa hiyo kijana huyu aliibeba sinema ile mgongoni mwa baiskeli miezi miwili, na hakuiona. Aliona vipande: mtu anaanguka farasini, mama analia, halafu huyo, mkebe uko tayari, ondoka. Wimbo wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa mkanda wa sita. Yaani wakati unaanza pale jumba kubwa, yeye ndiyo anafunga mkanda wa tano kwenye keria. Aliusikia ubeti wa kwanza kila siku, kupitia dirisha dogo la chumba cha mashine. Wa pili hakuupata hata siku moja. Akirudi kuuchukua mkanda wa sita, wimbo umeshapita zamani.

Siku ya Jumatano jumba dogo lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, saa tisa alasiri. Mwanamume haingii, hata mkata tiketi siku hiyo alikuwa mwanamke. Mwanamume aliyeruhusiwa mle ni mmoja tu, Mzee Farhan, aliyekuwa akiendesha mashine, na yeye amefungiwa juu kwenye chumba chake, anachungulia kwa kitundu.

Jumatano hiyo Marijani alifunga mkebe wa tano, akapanda baiskeli, wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akajiambia, nisikie wa pili tu, leo nitakanyaga kwa nguvu. Akashuka. Akaegemea ukuta chini ya dirisha, mkebe uko kwenye keria, akasikiliza. Alisahau kila kitu. Ubeti wa pili ukaisha, mpigaji filimbi akawa anaupeleka wimbo kwenye wa tatu, ndipo kichwa cha mwendesha mashine kikatokea dirishani na kumpigia kelele: "We Marijani, bado upo hapo?"

Alikanyaga kama aliyekimbizwa na nyuki. Kwa papara, kwenye kona ya Jangwani akaanguka, mkebe ukabiringika mpaka mtaroni. Alipofika jumba dogo alikuwa amechelewa dakika ishirini na tano, goti linavuja damu, na moyoni ameshajiona hana kazi. Mama yake alikuwa mgonjwa, wadogo zake watatu wanakula kwa baiskeli ile.

Akasikia ukumbi mzima unaimba.

Wanawake mia tatu, taa zimewashwa, pazia jeupe halina kitu, wanaimba ubeti wa kwanza wa wimbo uleule alioukimbia, ambao wengi wao walishaushika kwa kurudia sinema ile. Mzee Farhan aliupokea mkebe bila kumtukana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Baadaye ndiyo akamweleza. Mkanda wa nne ulipokwisha na wa tano haujafika, wanawake walianza kupiga miluzi, kisha wakadai warudishiwe nauli zao na fedha za tiketi. Wengine walikuwa wameshafika mlangoni. Meneja wa jumba, akiwa nje barazani, alikuwa ameapa kwamba yule wa baiskeli leo ndiyo mwisho wake. Mara msichana mmoja akapanda juu ya kiti. Viti vilikuwa vya mbao, vya kukunja. Akashika kikalio cha kiti cha mbele yake na kukipiga kama ngoma. Akaanza kuimba. Walio karibu wakadakia, waliokwisha fika mlangoni wakarudi. Waliuimba mara nne. Walipotoka jioni walikuwa wanacheka, na Jumatano iliyofuata walirudi na dada zao. Meneja hakulitaja tena lile la kufukuza mtu.

"Alikuwa nani?" Marijani aliuliza.

"Nitamjuaje, mwanangu? Nimeona nyuma ya kichwa na buibui tu. Mkono mmoja una bangili. Ila alikuwa anapiga hivi." Mzee Farhan akagonga meza kwa vidole: mbili za haraka, moja ya pekee, kisha tatu. "Mshukuru Mungu, na umshukuru na huyo."

Marijani aliweka nadhiri palepale. Ubeti wa tatu hatausikia mpaka amshukuru yule msichana kwa mdomo wake.

Mnaweza kucheka, na mie nimecheka. Lakini hebu fikirini. Kazi ile aliifanya miaka sita zaidi. Ilimtibu mama yake, ikamsomesha mdogo wake wa mwisho, ikatoa mahari ya mkewe. Video zilipoingia na majumba yakafungwa, baiskeli ileile ikabeba ndizi kutoka soko la Mabibo, na ndizi ndizo zilizonunua kiwanja cha Chanika wakati kule bado ni mikorosho na nguruwe pori. Kila alipotia ufunguo kwenye mlango wake mwenyewe, alimkumbuka mwenye bangili. Aliuliza kwenye misiba, aliuliza kwenye maulidi. Wanawake wa umri ule walimwambia kila mmoja lake: alikuwa wa Gerezani, alikuwa Mwarabu, alishahamia Tanga, alishakufa. Hilo la mwisho lilimnyima usingizi. Miaka arobaini na mitano ilipita namna hiyo.

Mwaka huu mjukuu wake, Raudha, akaposwa. Siku ya singo, siku ambayo mwali husuguliwa liwa na manukato akiwa katikati ya wanawake wenzake, Mwamvita alifunga turubai uani kwa baba yake na kuwafukuza wanaume wote. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana.

"Na wewe baba," Mwamvita alisema. "Usiniangalie hivyo. Nenda kakae barazani kwako na matairi yako."

"Nyumba ni yangu."

"Leo ni ya Raudha."

Mzee alitoka. Akakaa kwenye benchi lake la kazi, nje ya ukuta wa uani, akijifanya anaziba pancha. Ndani kulikuwa na spika kubwa ya kukodi, na mwenye kupiga muziki alikuwa binti wa Mbeya, Tupokigwe, msichana mchangamfu aliyempa shikamoo mbili kwa haraka ya kazi. Akaanza na taarabu, akaenda bongo fleva. Kisha ukapigwa ule wimbo, lakini si ule. Vijana walikuwa wameukamata na kuutia singeli, yule mwimbaji wa Kihindi anakimbizwa kama ana mkopo. Mzee Marijani alikunja uso. Halafu akasikia vitoto vya kike vya miaka kumi, vilivyozaliwa juzi, vinaimba neno kwa neno, na uso ukamkunjuka wenyewe. Alijikuta anafuta macho kwa kitambaa chenye grisi.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Mzee alianza kuinuka ili aondoke, kama kawaida yake. Umeme ukakatika.

Spika ikanyamaza. Watoto wakasema "aaah!" kwa pamoja, na Tupokigwe akasikika akilalamika kwamba simu imejaa chaji lakini spika haina betri. Minong'ono ikaanza. Singo ikikatika katikati huhesabiwa nuksi, na mwali alikuwa amekaa pale na liwa mwili mzima.

Hapo, upande wa pili, ukuta ukapigwa. Siyo ukuta, kiti. Kiti cha plastiki, kinapigwa kikalio kwa kiganja: mbili za haraka, moja ya pekee, kisha tatu.

Tyubu ilimdondoka Mzee Marijani.

Sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo, ikaanza wimbo kwa mwendo wake wa zamani. Wanawake wakadakia mmoja mmoja. Mzee alisimama, akaushika mlango wa ua, akauachia. Hakuthubutu kuingia. Akapiga hodi mpaka Mwamvita akatoka na kanga imejaa liwa, macho makali.

"Baba! Tulisemaje?"

"Nani anayepiga kiti?"

"Ni somo wa Raudha, Bi Chausiku. Tumemtoa Temeke. Kwani vipi?"

"Mwite."

"Baba, yule yuko kazini, anamfunda mwali..."

Alipouona uso wa baba yake hakuendelea. Aliijua nadhiri, si nilishasema alikuwa akisikiliza mlangoni? Akarudi ndani. Wimbo ukakatika mwishoni mwa ubeti wa pili.

Bi Chausiku alitoka akijifuta mikono, mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, bangili moja mkononi. "Assalamu alaikum. Naambiwa unaniita, kaka'angu. Kuna kasoro?"

Mzee Marijani alikuwa ameipanga hotuba hii miaka arobaini na mitano. Yote ikampotea. Akasema tu kwa kigugumizi: "Sinema. Onyesho la wanawake, upande wa Kariakoo. Mkanda ulichelewa. Ulipanda juu ya kiti."

Bi Chausiku alimtazama. "Wewe umejuaje?"

"Mie ndiye niliyekuwa na baiskeli."

Yule mama akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe! Mwanaharamu mkubwa wewe! Nisamehe, wewe ni babu wa mwali wangu, lakini miaka yote hii nakutafuta nikwambie. Unajua nilitoroka nyumbani siku ile? Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilimwambia mama nakwenda chuoni kusoma Kurani. Nilihesabu: sinema inaisha kabla ya magharibi, nitawahi. Wewe ukachelewa. Watu wakataka kuondoka, na wakiondoka wote wataizima, sioni mwisho. Ndiyo nikaimba! Sikuimba kwa ajili yako. Nikafika nyumbani isha imeshaadhiniwa, mama akanipiga na ufagio mpaka ukabaki mpini. Kisa ni nini hasa? Baiskeli iliharibika?"

Miaka yote Mzee Marijani alikuwa akiwaambia watu mnyororo ulikatika.

"Haikuharibika," alisema. "Nilisimama kusikiliza ubeti wa pili."

Bi Chausiku alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la baiskeli, katikati ya spana. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na Mzee Marijani akalia kweli, bila kuona haya, mbele ya mwanawe. Akamwambia yote: nadhiri ya ubeti wa tatu, mama aliyetibiwa, mdogo aliyesoma, mahari, ndizi, kiwanja. "Nyumba hii uliyoingia leo, umenijengea wewe. Ahsante. Ahsante sana, dada. Nilikuwa naogopa utakufa sijakwambia, au nitakufa mie."

Kicheko kilimwisha Bi Chausiku. Aliivuta kanga akajifuta uso.

"Nimeipokea," alisema. "Kile kipigo nakusamehe. Kwani huo mwisho wa wimbo hujausikia mpaka leo? Na picha yake hukuiona?"

"Sijausikia, na picha sikuiona."

"Ndiyo bibi harusi anaondoka kwao. Ubeti wa kwanza anaaga, wa pili mama yake anajibu. Wa tatu ameshapanda gari la farasi, halafu anashuka. Anarudi kuwashukuru. Baba, mama, mtumishi wa nyumbani, mpaka kizingiti cha mlango anakishika. Maneno siyajui, Kihindi nitakijulia wapi, lakini niliona kwa macho yangu." Akainuka, akajikung'uta. "Kaa hapo hapo. Usizime kitu."

Akaingia uani na mlango akauacha wazi kiasi cha kiganja. Mzee Marijani akarudi kwenye benchi. Akasikia Bi Chausiku akimnong'oneza mtu, kisha kiti kikapigwa: mbili, moja, tatu. Ubeti wa tatu ulianzwa na sauti moja, changa, inayotetemeka kidogo. Ilikuwa sauti ya Raudha.