Stashahada ya Hesabu na Funguo za Chumba cha Kushonea

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, niliteremka treni stesheni ya Same na kupanda mlima kwa miguu hadi chuo cha ualimu, sanduku kichwani. Ndani yake ilikuwamo stashahada ya hesabu niliyoipata Uganda. Milimani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kurudi na karatasi kama ile, na sikulipiwa na mjomba wala chifu. Nilishinda mitihani.

Mkuu wa Chuo, Mwingereza mrefu, hakuikunjua. Aliweka juu yake funguo za chumba cha kushonea.

"Utafundisha maarifa ya nyumbani, Bibi Nakijwa."

"Bwana Mkuu, mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Hesabu inaye mwanamume. Tena wewe utaolewa, utatuacha."

Miaka miwili nilifundisha pindo na vifungo. Niliwafundisha wanachuo vizuri, maana sijui kufanya kazi vibaya, lakini kila jioni nilifanya maswali ya hesabu ili nisisahau.

Ndipo akaja Mkaguzi wa Elimu. Mkufunzi wa Hesabu, kijana wa Tanga mwenye tai, aliwapeleka wanachuo kwenye ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Mimi nilitumwa kupeleka birika la chai ya wageni.

Mkufunzi alipima urefu, upana na kimo cha ukingo, futi sita, akazidisha ubaoni, akagawa kwa maji ya shamba moja. Akatangaza kuwa maji yatatosha mashamba kumi na mawili.

Mzee mgawa maji wa kijiji akacheka hadi akashika kiuno. "Mwalimu, hayo maji mengine umeyaficha wapi? Mimi yananiishia shamba la nane!"

Mkufunzi akarudia. Kumi na mawili. Akarudia tena, jasho likamtoka. Mkaguzi akamtazama Mkuu, Mkuu akatazama viatu vyake.

Nikaweka birika chini. "Mzee, shikamoo. Naomba ufito."

"Marahaba. Wa kukorogea chai?"

Wanachuo wakaangua kicheko. Niliuzamisha ufito hadi mwambani, nikautoa. Futi nne zilikuwa zimelowa maji. Mbili za chini zilikuwa zimepakwa tope. Nilipokuwa msichana, kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wanaume walichimba tope hilo na sisi tukalibeba kichwani. Mkufunzi hakuwahi kulibeba.

"Theluthi ya hesabu yake ni tope," nikasema. "Kumi na mawili ukitoa theluthi ni manane."

"Binti," Mzee akasema, "hawa wamekuweka kwenye chai kwa kosa gani?"

Mkaguzi aliuliza swali hilohilo kwa Kiingereza. Jumatatu nilipewa darasa la hesabu. Nilipoolewa, Mkuu aliniambia kanuni inamtaka mwalimu aliyeolewa aandike barua ya kuacha kazi. Nikamjibu aiandike yeye, na aeleze nani atafundisha hesabu. Hakuiandika.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa idara ya hesabu. Wiki yangu ya mwisho aliingia ofisini kwangu binti wa kijiji cha Kisiwani, bahasha mkononi, hata kukaa hakuthubutu.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa nije kuchukua kazi yoyote iliyopo."

"Marahaba. Fungua bahasha kwanza."

Nikaisoma stashahada yake mstari kwa mstari, huku yeye amesimama. Kisha nikampa funguo za darasa langu.