Salfa Juu ya Kangaga la Bi Somoe

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomdanganya mtu aliyeniamini, na uongo wenyewe haukudumu hata dakika moja.

Nilikuwa nimeolewa kijijini Pande miezi michache tu. Jirani yetu, Bi Somoe, alikuwa mjane, wa makamo ya mama yangu. Barazani kwake, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, alikuwa na kangaga la mapambo ndani ya chungu, lile lenye vijani laini na vijiti vyeusi vyembamba kama unywele. Alipewa na dada yake muda mfupi kabla dada huyo hajafariki. Kila nikienda kuomba chumvi nilisimama kuliangalia. Mbona halitoi ua? Mbona maji yakilidondokea yanateleza, jani linabaki kavu?

Bi Somoe akapata safari ya Lindi, kumuuguza binti yake. Akaniachia chungu, nikakipeleka kwetu.

"Udongo usikauke, na jua lisilipige," akaniambia. "Ukiona usichokielewa, muulize mama mkwe wako. Analijua."

Wiki ya pili niligeuza jani moja, nikaona vidoa vya kahawia vimejipanga chini, pembezoni. Nikajua ni wadudu. Mama mkwe alikuwa hapo uani anapepeta mchele, lakini niliona haya kumuuliza, asije akasema mwanawe kaoa mtu asiyejua kitu. Nikavisugua kwa kitambaa na sabuni. Vilipogoma kutoka, nikachukua salfa, ule unga wa manjano ambao mume wangu alipulizia mikorosho, nikalinyunyizia kangaga lote, kisha nikaliweka juani ili wadudu wafe. Baada ya siku tatu lilikuwa limekauka, ukiligusa linavunjika.

Bi Somoe aliporudi alipitia kwetu, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, na kabla hajavua baibui akauliza kangaga lake.

"Mbuzi wamelitafuna, mama," nikasema.

Akainama, akapitisha kidole ukingoni mwa chungu, akakitazama. Kilikuwa cha manjano.

"Mbuzi hawa wanapulizia salfa?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliondoa udongo wa juu, akaomba mkasi, akakata kila kijiti mpaka chini, akakirudisha chungu kivulini, barazani kwake. Nami nikakumbuka dada yake aliyempa.

"Vile vidoa si wadudu," akasema. "Humo ndimo ilimo mbegu yake, nyepesi kama vumbi. Hili halichanui, huzaa hivyo. Kutokujua si kosa, hata mimi niliambiwa. Ulilokosea ni kumpita anayejua, halafu ukaja kunidanganya mimi."

Akaniachia kazi ya kulitunza. Kila asubuhi nilikwenda, nikalowesha udongo, nikachungulia. Wiki zikapita sioni kitu. Halafu siku moja nikakuta vichipukizi vitatu, vyekundu kwa mbali, vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Nikamfuata Bi Somoe jikoni.

"Mama, kwa nini vimejikunja?"

Aliacha sufuria motoni, tukaenda kuchuchumaa wote wawili mbele ya chungu.

Basi wewe unayeanza kulea kangaga, liweke mbali na jua kali na upepo wa chumvi. Udongo uwe na unyevu, maji yasituame. Majani yakikauka, kata, usiling'oe. Huenda mizizi ingali hai. Lakini ninalokuusia zaidi ni hili: usilolijua, uliza mapema, hata kama utachekwa. Na ukiharibu, sema umeharibu wewe, maana anayeweza kukusaidia kurekebisha hawezi kuanza mpaka ajue ulichofanya.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kuotesha na ulimi usioogopa kuuliza, na kila mlango utakaoubisha kwa swali, akuwekee ndani yake mtu mwenye subira. Amin.