Ndama Aliyeulizwa Habari za Mahari

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baba mkwe wangu alipokuja nyuma ya jiko langu kumuuliza ndama habari za mahari. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba ya Kawetele, na mgeni wangu mmoja alikuwa mezani akisubiri chai. Nitakueleza mambo yalivyofika hapo, tena kwa utaratibu, kwa sababu wewe nawe umefungua vyumba vyako pale Bagamoyo, mjini kwetu Tukuyu, na juzi nilikuona ukimtazama msichana wako wa jikoni kwa jicho ninalolifahamu.

Mimi na mume wangu, Gwakisa, tulijenga vyumba vinne upande wa juu wa shamba la baba yake, kando ya njia ya wanaopanda Mlima Rungwe. Wakati wa mvua hatukuona mgeni. Lakini kuanzia Juni, njia ikikauka, walikuja: wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni, wanafunzi wa vyuo, na watu wa Dar es Salaam waliotaka kuonja baridi, kisha wakashinda wakilalamika kuwa ni baridi. Tuliwapa kitanda na kifungua kinywa tu. Milo mingine walijitafutia mjini.

Kazi ile nilijifundisha mwenyewe. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilikipata kwenye redio na kwenye kamusi iliyokosa jalada. Kutandika kitanda nilijifunza kwa kukitandua na kukitandika upya hadi kona za shuka zikakubali kukaa. Meza yangu ilikuwa na kitambaa cheupe nilichokidarizi kwa mkono wangu, na leso za mezani nilizikunja umbo la ua. Nakutajia haya ili ujue niliamini wageni wanakuja kwa ajili ya nini.

Kisha akaja wifi yangu, Subilaga, mdogo wake Gwakisa. Alikuwa mchuma chai mpaka mgongo ulipomsumbua, akaacha kazi na kurudi kwa baba yake, kwenye nyumba ya chini. Mume wangu akasema aje anisaidie jikoni, nami nikakubali kwa moyo mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kinachosikika barabarani. Kiingereza alijua maneno mawili, "thenkyu" na "banana", na hayo mawili aliyatumia kwa kila jambo, hata kumwonyesha mgeni choo.

Msimu haukufika katikati, wageni wakahama mezani kwangu. Walitoka vyumbani, wakakipita kitambaa changu cheupe, wakaingia kwenye jiko la kuni na kukaa kwenye vigoda, moshi ukiwatoa machozi, wakila ndizi zilizotoka majivuni wakati huo huo.

"Wee, usilie, moshi haujakuua!" Subilaga alimwambia kijana mmoja Mjerumani, tena kwa Kinyakyusa. Kijana akacheka mpaka akakohoa, kana kwamba ameelewa kila neno. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai mkononi. Hakuna aliyegeuka.

Sikiliza jinsi wivu ulivyoniingia, kwa maana haukujitambulisha kwa jina lake. Nilianza kuona majivu kwenye vikombe. Niliona masizi kwenye kanga ya Subilaga. Nilisikia kicheko chake nikasema kinawaamsha wageni waliolala. Kila nilichokiona kilikuwepo kweli, na ndiyo sababu nilijiamini sana. Majivu yalikuwepo hata kabla wageni hawajampenda, ila siku zile hayakunisumbua.

Mwaka uliofuata akarudi mama mmoja wa Kizungu na mumewe. Niliposikia gari nilivua aproni, nikateremka ngazi na kunyoosha mkono kumpokea. Akanipita huku akitazama nyuma ya bega langu. "Subi! Subi yuko wapi?" Mkono wangu ukabaki hewani. Nikaupeleka kwenye begi lake, ionekane ndilo nililokuwa nalifuata.

Mchana huo nilimfuata Gwakisa alikokuwa akipasua kuni.

"Baba Lugano, huyu dada yako anawachosha wageni."

"Wamesema?"

"Watasemaje? Ni watu wa adabu."

"Mbona wanaingia jikoni wenyewe?"

"Unamtetea."

"Nimeuliza tu, mama," akasema, akaendelea na shoka lake.

Sikumwuliza tena. Kesho yake nilimwambia Subilaga kwamba moshi utamharibia macho, kwa hiyo afadhali ahamie kwenye kufua mashuka, nyuma ya nyumba. Fikiria hilo. Mtu mwenye mgongo mbovu nilimtoa kwenye kigoda nikampeleka kuinamia beseni, na nikauita huo huruma.

Alinitazama kidogo. "Sawa, wifi. Nyumba ni yako."

Nikaweka kamba kwenye mlango wa jiko, wageni wasipite. Nilipata nilichotaka. Walikaa mezani wote, wakakunjua maua yangu, wakala mayai kimyakimya, kisha wakauliza gari la kwenda mjini linapita saa ngapi. Nilisimama pembeni nikihesabu waliotabasamu. Na kila niliposikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba bila kicheko, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Hilo nakuambia wewe tu.

Ndipo akaja Mama Mwalimu, mwalimu mstaafu wa Iringa ambaye kila kiangazi alikuja kupumzika kwetu. Kabla hajakaa akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwenyeji wangu. Na yule binti wa ndizi yuko wapi?"

"Ameolewa, mama," nikasema. "Kyela."

Uongo huo sikuupanga. Nilitaka tu swali lile life, lisiulizwe tena na mtu yeyote msimu mzima. Lakini ukuta wa ukumbi ulikuwa wa mbao, na nyuma yake maji ya beseni yakanyamaza. Baadaye nilipokwenda kutazama, mashuka yote yalikuwa kambani, yamenyooshwa vizuri kuliko nilivyowahi kuyaanika mimi, na Subilaga ameteremka kwa baba yake. Jioni hakurudi. Gwakisa aliniuliza kuna nini, nikasema mgongo unamuuma.

Sasa turudi kwa ndama. Wewe umekua wakati vijana wengi wameshaliacha jambo hili, lakini mimi nililishika kama nilivyofundishwa: kwetu Wanyakyusa mke hatazamani na baba mkwe wake, hasemi naye, wala hapiti njia anayoipita yeye. Kati ya nyumba ya chini na ya kwangu palikuwa na mstari wa migomba, na miaka yote ya ndoa yangu mzee yule hakuuvuka nikiwepo, wala mimi sikuuvuka. Alipolazimika kukaribia alikohoa, nami nilijificha.

Asubuhi ile alikohoa nyuma ya jiko. Nilivuta kanga kichwani nikachutama nyuma ya ukuta, nikidhani anapita tu. Hakupita.

"Ndama wangu, simama hapa tuongee," akasema.

Kwa kawaida mifugo yake aliisemesha Kinyakyusa. Siku hiyo ndama alisemeshwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kufika mezani kwa Mama Mwalimu.

"Nimepata habari njema. Binti yangu Subilaga ameolewa Kyela. Mimi ndiye baba yake, kwa hiyo nauliza: ng'ombe wako wapi? Zizini nimetazama, yupo mama yako na wewe. Au wewe ndiye mahari? Mbona basi umekuja peke yako, na bado unanyonya?"

Ndani, kijiko kikaacha kukoroga.

"Tena jambo jingine linanishinda. Bibi harusi amelala kwangu na hakugusa chakula. Hiyo Kyela imehamia lini kwenye nyumba yangu?"

Nilitamani ardhi inifunike. Nilisubiri aniite mwongo, na laiti angefanya hivyo ningepata kitu cha kukasirikia. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka, na nadhani hiyo haikukusudiwa kufika mezani.

"Ndama, yule mke wa mwanangu ni mtu wa kazi. Siku alipomaliza kutandika vyumba vile nilisubiri aende sokoni, nikapanda kuvitazama. Nilimwambia mama yako, hapa pamepata mwenyewe. Yeye sijamwambia mpaka leo, sina njia ya kumwambia. Labda angesikia, zisingemuuma hivi sifa za mwenzake."

Mwanangu, nilikuwa nimeuficha wivu wangu kwa mume wangu na kwa wageni, na kwangu mwenyewe nilikuwa nimeupa majina ya majivu na masizi. Mzee ambaye hajawahi kunitazama usoni alikuwa ameuona, na ameona pia ulikotokea.

Nilipaswa kujibu, na kumjibu siruhusiwi. Mbele yangu palikuwa na sufuria ya maziwa.

"Sufuria," nikasema, "mwambie ndama hakuna mtu wa Kyela. Mke wa nyumba hii amesema uongo, kwa sababu wageni walimpenda wifi yake kuliko yeye."

Kisha nikasikia kamba ikivutwa.

"Twende, ndama. Sufuria imesema vizuri."

Nilipeleka chai mezani. Mama Mwalimu aliitazama, akakisogeza kikombe mbali naye.

"Hongera ya harusi," akasema bila kutabasamu. "Hii irudishe. Mimi nitasubiri ya bibi harusi."

Ikabidi niteremke. Nilifika kwenye mstari wa migomba nikasimama, maana mzee alikuwa uani kwake na mguu wangu haukuruhusiwa kupita hapo. Hapakuwa na njia ila kupaza sauti, na kwenye mashamba ya jirani watu walikuwa wanalima.

"Wifi!"

"Nani anaita?" akajibu Subilaga kutoka ndani. "Mimi niko Kyela."

"Wifi, rudi."

"Mume wangu hajaniruhusu."

"Subilaga, naomba."

"Unasemaje? Kyela ni mbali, sauti haifiki."

Majembe yalikuwa yamesimama. "Naomba!" nikapiga kelele. "Nimekosa! Rudi jikoni!"

Alitoka kupitia majani ya migomba akasimama karibu nami. Hakuwa akicheka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungeniambia tu, wifi, kwamba unataka wakupende wewe. Ningewasukuma waje kwako."

"Ndiyo maana sikukuambia," nikasema.

Hapo akacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nilipomhamisha. Akanishika mkono tukapanda. Alimchomea Mama Mwalimu ndizi, na kamba ya mlangoni niliikata mimi mwenyewe, nikaihamisha meza yangu karibu na jiko, pamoja na kitambaa chake. Wiki haikuisha kikaingia masizi. Nilikifua. Kikaingia tena.

Usidhani nilipona siku ile. Kwa misimu kadhaa wageni waliendelea kumwita yeye kwanza, na kila mara kitu kilinibana hapa kifuani. Nilichojifunza ni kukiacha kinibane huku naendelea kumimina chai.

Subilaga aliolewa baadaye, na mume akatoka Kyela. Alisema amemchagua wa huko makusudi ili anitoe kwenye uongo wangu. Ng'ombe walipofika, nikiwa upande wangu wa migomba nilimsikia mzee akimwambia yule ndama, ambaye sasa alikuwa na ndama wake mwenyewe, kwamba wenzake wamechelewa lakini wamefika. Mpaka leo mgeni wa zamani akija huuliza Subi yuko wapi. Namjibu kwa maneno yale yale, "Ameolewa, Kyela," na ingawa sasa ni kweli, bado kifua hunibana.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Siku ukishikwa na wivu, usimhamishe mtu kazi. Usiweke kamba mlangoni wala kutunga sheria mpya ya nyumba siku hiyo. Ngoja moyo utulie, kisha kakitazame kile kikombe upya. Ukikuta majivu, sema habari za majivu. Na kama una njaa ya kusifiwa, mwambie mtu anayekupenda kwamba una njaa hiyo, hata kama uso utawaka kwa aibu, maana ukiificha itatafuta mtu wa kumla.

Msichana wako yule wageni wanampenda. Mwache jikoni.

Nami sina mwiko wa kusema nawe, kwa hiyo sitamtafuta ndama. Juzi ulipotoka kwenda dukani nilipita vyumbani mwako, kimoja baada ya kingine. Kona za shuka zako zimekaa kuliko zangu. Pamepata mwenyewe.

Mungu akuletee kiangazi chenye njia kavu na wageni wanaorudi. Wakimwita mwingine kwanza, akupe mkono mtulivu wa kumimina chai, na asikukoseshe hata siku moja mtu wa kukuambia kwa mdomo wake kwamba umefanya vizuri.