Tulivyopeleka Ngao Kwenye Maporomoko

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo cha polisi cha Bwera alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Viatu iko safi," akasema. "Sauti ndiyo hakuna. Hapa mpakani mutu hasikii viatu." Wenzangu wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya kituo kujizoeza kusema "simama". Nilikuwa mtu wa kuogopa kukosea, na bado niko hivyo. Hata Kiswahili hiki nilijifundisha mwenyewe, kwa sababu chuoni amri zilitolewa kwa Kiswahili, nami sikutaka kugeukia kushoto wenzangu wakigeukia kulia.

Bwera tulikagua mizigo ya wafanyabiashara na kuamua ugomvi wa siku za soko. Baadaye nikahamishiwa Kasese mjini, kwenye kikosi cha akiba, yaani askari wanaokaa tayari kutumwa popote panapozuka jambo. Nilipewa ghala. "Vifaa kamili" maana yake ilikuwa kofia ngumu, ngao, rungu na kinga za miguu, na mkuu wa polisi wa wilaya hakuruhusu gari litoke bila hivyo. Kikosi bila ngao, alikuwa akisema, ni kwaya.

Ndipo mlima ukaporomoka mashariki kabisa mwa nchi. Amri ikaja kwamba wilaya zenye milima zitume askari, kwa kuwa tumezoea miteremko. Tukapakia vifaa kamili. Majembe hakuna aliyeyataja. Tuliambiwa tutayakuta huko.

Tulikuta tope jekundu limefunika nyumba za chini. Juu yake ardhi ilikuwa imepasuka, na bado kulikuwa na watu wakiishi kando ya ufa. Kazi yetu ilikuwa kuwashusha kabla ya mvua. Tukapanda kwa mstari, kofia kichwani, ngao mkononi. Watu walipotuona walikimbia, lakini hawakukimbilia chini. Walikimbilia juu, kwenye ufa.

Sajini wetu, mtu wa kabila la Wakonzo kutoka Rukoki aliyependa utani, siku hiyo hakutania. Mzee mmoja wa hapo alikuwa amemweleza kwamba kwa miaka mingi wamesikia watahamishwa mlimani kwa nguvu, na sasa polisi wamekuja wamevaa kwa kazi hiyo.

Kwenye nyumba ya mwisho bibi mmoja alisimama mlangoni, wajukuu wawili nyuma yake. Nilitumwa mimi kwa kuwa ni mwanamke. Nilimsalimu, hakuitikia.

"Mulikuja kufukuza sisi," alisema. "Nani anachimba maiti na ngao?"

Sajini alituamuru tuweke kila kitu kando ya njia, tukaazima majembe, tukachimba kwenye nyumba iliyofunikwa hatua chache chini ya mlango wa bibi, mbele ya macho yake, hadi tulipomtoa jirani yake. Alikuwa amekufa. Tulimfunika kwa shuka iliyotoka kwa bibi mwenyewe. Alimpa mjukuu mkubwa atuletee.

Nikapanda tena, tope hadi kiunoni. Safari hii alinipa maji. Akaniuliza, "Nikishuka, shamba yangu nitairudia?"

Wingu lilikuwa limeshakaa juu yetu. Nyuma yangu Sajini alininong'oneza kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu Kasese, niseme ndiyo, twende.

"Sijui, mama," nikasema. "Hilo sikuambiwa. Ninachojua ni kwamba ardhi imepasuka nyuma ya jiko lako."

Bibi akatukabidhi wajukuu, akarudi ndani, akafunga mlango.

Njiani Sajini alinisema vya kutosha. "Wewe na ukweli yako," alisema, mtoto mmoja mgongoni kwake. "Huyu mama akifunikwa, utamwambia huyu mutoto nini?" Nilimwogopea yule bibi, na nilikuwa tayari kurudi kumdanganya.

Matone ya kwanza yalipoanza tulimwona anashuka, jembe begani, bila haraka. Alimwambia Sajini kwamba alitokea mlango wa nyuma, akajificha kwenye mibuni, aone kama kuna askari atakayebaki kung'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka wa shamba lake. Hakubaki hata mmoja. Sajini akamwambia, "Mama, sisi miguu inauma, nani ana nguvu ya kung'oa?" Bibi akacheka kidogo, akamchukua mjukuu wake.

Usiku ule jiko liliondoka na mlima, na nyumba ikafuata.

Niliacha kazi mapema, goti likiwa limekataa miteremko, na sasa niko nyumbani Nyakalengija. Vijana wanaotaka kujiunga huja kuniuliza habari za kazi, nami huwasimulia safari hiyo. Karibu wote husema ningejibu ndiyo tu. Bibi angeshuka mapema, na hofu ile nisingeipata. Huenda ni kweli. Sikupata kujua kama aliruhusiwa kurudi kulima. Lakini ningesema ndiyo, ningekuwa nimemwahidi ardhi isiyo yangu, nikiwa ndani ya sare ya serikali, na angekuwa na haki ya kuja kunidai.