Pikipiki Ipi Haimrushi Mtu?

Miaka ile ya wakimbizi, pale Lusahunga, niliwakuta madereva wawili wa mashirika ya misaada wakibishana, kila mmoja amekalia pikipiki yake ya magurudumu manne, moja nyekundu, nyingine ya bluu.

"Yangu ikikata kona haiyumbi, na kwa mbio huniwezi," alisema wa nyekundu.

"Yangu inapanda mlima wenye tope, na mafuta inanusa tu," akajibu wa bluu, akipapasa tangi kama shingo ya ng'ombe.

Mara akaja mama mmoja amemshika binti yake aliyeshikwa na uchungu. Gari la zahanati lilikuwa limekwama njiani.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Ipi haimrushi mtu?"

Wa nyekundu aliinamisha kichwa. "Ya mwenzangu, mama. Yangu inarusha."

Binti akapandishwa ya bluu. Mwenye nyekundu akatangulia, akinyoosha mkono kuonyesha kila shimo.

Jioni nikasikia amejifungua salama, mtoto wa kike. Tangu hapo, mtu akinisifia chombo chake, namuuliza kama angempakia binti yake mwenye uchungu. Wengi hukohoa kwanza.