Jina la Mtu Aliyekataa Shule

Binti yangu amewahi kuvishwa shada la karatasi za kumetameta shuleni mara moja tu. Alikuwa gredi ya pili, siku ya kufunga shule, na mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wazazi akasema huyu ndiye kiongozi wa kusoma. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilinunua soda. Naanza na shada hilo kwa makusudi, kwa sababu mikono iliyomvisha ndiyo hiyo hiyo iliyonyooshwa kumwonyesha lango miaka miwili baadaye.

Huku kwetu Kisumu, katika shule nyingi za kawaida, watoto wa madarasa ya chini husoma kwa pamoja. Vitabu ni vichache na watoto wamejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo mwalimu anasoma mstari, darasa linaitikia. Wakishazoea, anachaguliwa mtoto mwenye sauti ya kusikika awaanzishie wenzake. Binti yangu ana sauti ya mchuuzi wa samaki. Tena ukimwambia jambo mara moja, analo. Alianzisha, wenzake wakafuata, na wenzake walipofunua ukurasa naye akafunua. Kazi ilikwenda hivyo, vizuri kabisa, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kumwambia: leo soma peke yako.

Nyumbani Otonglo alinisomea jioni nikikaanga samaki, nami nimempa mgongo. Nilidhani nina mtoto msomaji. Niliwaza hata chuo atakachokwenda, kozi atakayochukua, na kama kozi hiyo itakuwa na kazi wakati huo, maana yangu haikuwa nayo. Nina shahada ya uchumi na nauza mabati na misumari katika duka la mtu.

Alipoingia gredi ya nne alipata mwalimu mpya, na mwalimu huyo alitaka kila mtoto asimame asome. Zamu ya binti yangu ilipofika, alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti yake ile, akipumzika kwenye nukta na kupandisha sauti kwenye maswali. Alisoma hadithi ya juma lililotangulia. Aliisoma yote bila kukosea neno, huku kidole chake kikifuata mistari ya hadithi nyingine kabisa.

Habari nilizipata jioni kwa mtoto wa jirani, mwanafunzi mwenzake, aliyekuja mbio mpaka mlangoni kwangu.

"Mama, leo amesoma kitabu ambacho hakiko!"

"Hakiko vipi?"

"Hakiko! Madam amesema amekuwa akitudanganya tangu gredi ya kwanza. Sasa tunamwita Redio."

Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, bado amevaa sare. Nilimuuliza kama ni kweli hawezi kusoma. Akaniambia anaweza, ila herufi hazikai. Akiiangalia moja, nyingine inasogea. Alidhani ni hivyo kwa watu wote, na kwamba sisi wengine tumezoea tu.

Mtoto wa miaka tisa kuitwa mdanganyifu! Nimelifikiria neno hilo sana kuliko inavyofaa. Mdanganyifu ni mtu anayejua ukweli akauficha. Huyu alifundishwa kuitikia, akaitikia kuliko wote, akavishwa shada kwa kuitikia. Kama kulikuwa na udanganyifu, basi ulikuwa wa watu wazima, nami nikiwemo, tulioridhika na kelele.

Niliitwa shuleni. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda usaili. Nilitunga sentensi ya kwanza, nikaibadilisha, nikawaza jibu watakalotoa, na jibu langu kwa jibu lao. Nilibadilisha blauzi nisionekane mwenye kiburi, kisha nikairudia ile ya kwanza nisionekane mnyonge. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri na kuniulizia hali ya kazi. Mwalimu wa darasa alikaa pembeni, mikono mapajani.

"Mama, sisi hatumfukuzi mtoto," mwalimu mkuu akasema. "Sisi tunakushauri."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unajua gredi ya sita kuna mtihani wa taifa. Shule yetu imekuwa ikifanya vizuri. Mtoto mmoja anaweza kuvuta wenzake wote chini. Nasikia mama yako yuko Awasi?"

"Yuko."

"Huko kuna shule ambazo hazina presha. Mtoto apumzike. Awe na nyanya yake, asaidie kazi ndogo ndogo. Si lazima leo. Mpaka muhula huu uishe."

Nikasema asante. Sentensi zote nilizotunga zilinikimbia. Nilikaa chuo kikuu miaka minne, kisha nikaambiwa kwa upole kwamba mwanangu anachafua wastani wa shule, nami nikasema asante, nikasimama, nikarudisha kiti mahali pake. Upole ule bado unanikera kuliko tusi. Tusi unaweza kulijibu.

Jumamosi nilimchukua binti yangu tukaenda Awasi kwa mama yangu. Sikuwa nimeamua lolote. Nilijiambia nakwenda kuangalia tu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa pale, ameshasikia habari zote kwa mama niliyempigia simu, na kabla sijamaliza uji alikuwa ameshautaja ugonjwa wa mtoto na dawa yake.

"Ni jina," akasema.

"Jina gani tena, mjomba?"

"Jina ulilompa! Si ulimpa la mama mkubwa wako? Na mama mkubwa wako alikataa shule. Sasa unashangaa nini? Umeita mtu aliyetupa vitabu chooni, unataka aje na vitabu?"

Lazima nieleze. Kwetu Waluo mtoto huweza kupewa jina la ndugu aliyefariki, hasa ndugu huyo akimjia mtu ndotoni wakati mimba inakua. Nilipokuwa mjamzito, mama yangu aliota dada yake mkubwa amesimama mlangoni na beseni la samaki, anaomba kukaribishwa. Mtoto alipozaliwa akaitwa jina lake. Na habari za mama mkubwa nimezisikia tangu utotoni: alivyogoma kusoma, alivyotupa madaftari chooni, alivyokimbilia ufukwe wa Dunga kuuza samaki akiwa bado msichana mdogo. Zilisimuliwa kwenye sherehe na kwenye matanga, na watu walicheka. Kila mtoto wa ukoo wetu aliyezembea alitishiwa nazo: utaishia Dunga.

"Tunachinja kuku, mchungaji anaomba, tunampa jina lingine," mjomba akaendelea. "Mpe la yule shangazi aliyekuwa nesi."

"Na akianza kupiga watu sindano?" nikamuuliza.

Alicheka mwenyewe, lakini hakuacha. Mchungaji alikuwa ameshaarifiwa. Kuku alikuwa ameshafungwa mguu. Binti yangu alikaa kwenye ngazi ya mlango akimwangalia yule kuku, na mimi nilijua amesikia kila neno, maana kusikia ndiyo kazi yake.

Hasira yangu ilikuwa inapanda polepole. Shuleni wana maelezo. Nyumbani wana maelezo. Mwalimu mkuu alitaka kumhamisha shule, mjomba alitaka kumhamisha jina, na katika watu wote hao hakuna aliyekaa na mtoto na kitabu kimoja akamuuliza: unaona nini hapa?

Mama yangu alikuwa akichambua mboga. Aliponyanyuka kwenda jikoni nilimfuata, na huko, akiwa ameinamia moto, akasema:

"Nyara, dada yangu hakukataa shule."

Nyara kwa Kijaluo maana yake ni “binti yangu”. Huniita hivyo jambo likiwa zito.

"Si mnasema alitupa madaftari?"

"Alitupa, baada ya kurudishwa. Mwalimu alimwita baba akamwambia, huyu unapoteza karo, kichwa chake hakishiki. Na kichwa kilikuwa kinashika! Alijua nyimbo zote za kanisa, beti zote. Kitabu cha nyimbo alikuwa anakishika juu chini, sisi tunacheka."

"Sasa nani alisema amekataa?"

"Baba. Alirudi akawaambia watu msichana amegoma. Mtoto aliyekataa ana kiburi tu, watu wanacheka inaisha. Mtoto aliyekataliwa ni aibu ya baba." Akapuliza moto. "Dada alisikia hivyo hivyo. Hakubisha. Karo yake ndiyo nilisomea mimi."

Nilitaka kupiga kelele. Mwanamke aliishi maisha yake yote akibeba kosa la watu wengine kama beseni kichwani, akazeeka nalo, akafa nalo, na alipokufa sisi tuliendelea kumcheka kaburini. Sasa tulikuwa tunataka kumvua hata jina, kwa sababu lilimfaa mtoto kupita kiasi. Na mwalimu yule wa zamani, bila shaka, naye alikuwa mpole. Bila shaka alisema hafukuzi, anashauri.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza mama.

"Ningemwambia nani? Baba alikuwa hai."

Nilitoka jikoni nikamfungua kuku yule mguu. Mjomba akaita, "Wee! Huyo ni wa mchungaji!" Nikamwambia mchungaji atakula mboga. Sikuwa nimewahi kumjibu mjomba hivyo, na nikaanza kuhesabu ni jamaa gani watakaokasirika na kwa mpangilio gani.

Juma lililofuata niliomba ruhusa kazini nikampeleka binti yangu kwenye kituo cha serikali kinachopima watoto wenye shida za kujifunza. Sikujua kama kipo mpaka nilipouliza, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu pale shuleni walijua. Mama mmoja wa makamo alicheza naye michezo ya sauti asubuhi nzima: neno hili linaanza na sauti gani, ukiondoa ile ya kwanza inabaki nini. Mwishoni akaniambia akili ya mtoto haina kasoro, kusoma ndiko kunakomshinda, na hali hiyo ina jina, disleksia. Afundishwe herufi kwa sauti, moja moja, taratibu. Asomewe maswali, ajibu kwa mdomo. Akaniuliza kama katika ukoo wetu yuko mwingine wa hivyo. Nikasema alikuwepo.

Nilirudi shuleni. Safari hii sikutunga chochote, au tuseme nilitunga, lakini nilijua nitasahau. Nilieleza niliyoambiwa. Mwalimu mkuu alisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu.

"Mama, hayo ni mambo ya shule za kimataifa. Hapa sisi tuna watoto wengi. Na tulikuwa tumekubaliana."

"Hatukukubaliana. Nilisema asante."

"Sasa si ni hiyo hiyo?"

"Mwalimu, mimi simtoi," nikasema. "Nikimtoa, mtasema mama yake aliamua. Mtoto atakua akiambiwa aliacha shule. Kama hafai, mtoe wewe. Niandikie barua, useme shule imemkataa kwa sababu gani, uweke mhuri."

"Mambo ya kuandikiana barua yanatoka wapi tena?"

"Basi mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje kwenye benchi. Anasikia vizuri sana."

Alitazama mlango. Nakumbuka jinsi alivyoutazama: kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Ushauri wake wote ulitegemea kwamba mimi ndiye nitakayetamka neno, kwa mdomo wangu, nyumbani kwangu, yeye asikike akisikitika tu. Hakwenda mlangoni. Wala barua hakuandika.

Mwalimu wa darasa, aliyekaa pembeni kama siku ile ya kwanza, ndiye aliyeingilia.

"Naweza kumsomea maswali," akasema. "Lakini Mama, nina watoto wengi. Siwezi kila siku."

"Siku usizoweza, nitumie ukurasa kwa simu. Nitausoma, nirekodi, asikilize."

"Na kuhusu lile neno la kudanganya," akaongeza bila kunitazama, "nitaongea na darasa."

Nilitaka aongee na mtoto kwanza, lakini sikusema. Nililijutia njia nzima.

Kwa hiyo binti yangu yuko palepale, dawati la mbele. Asidhani mtu kwamba mambo yamekuwa mepesi. Anasoma mistari mifupi, akifunika mingine kwa kipande cha karatasi ngumu. Wapo bado wanaomwita Redio. Mwalimu mkuu ananisalimu kwa jicho moja. Gredi ya sita inakuja, na nimeshaanza kuwaza kila njia watakayoweza kuitumia, na njia yangu kwa kila njia yao.

Jioni ya siku ile ya mkutano wa pili, nilimweleza habari za yule aliyemwachia jina. Nilimweleza yote: karo, madaftari, kitabu cha nyimbo kilichoshikwa juu chini. Nilimwambia watu husema alikataa shule, na kwamba si kweli. Alisikiliza akivua soksi.

"Na yeye herufi zilikuwa zinamsogea?" akauliza.

"Sijui."

"Dana hajui?"

"Hata nyanya yako hajui. Hakuna aliyemuuliza."

Alikunja uso, akaonekana kukasirika kuliko nilivyowahi kumwona, hata siku ile ya hadithi. Kisha akaleta kitabu, akaketi karibu na jiko, akaniambia nigeuke nimtazame anaposoma.